Boriti Ndogo ya Chuma: Nguvu Yake na Mipaka Yake

Leo tumekusudia kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu hulidhania kuwa ni la mafundi peke yao, kumbe ni la kila mtu alalaye chini ya paa. Jambo lenyewe ni boriti, yaani ule mti au chuma kinacholazwa toka ukuta hata ukuta ili kubeba kilicho juu yake. Na katika boriti za namna nyingi tumechagua ile ndogo ya chuma, kwa kuwa ndiyo inayofika upesi vijijini siku hizi, na ndiyo itumiwayo kwa kukisia kuliko nyingine. Mtu huiona, akasema moyoni mwake, "Hiki ni chuma, hakivunjiki," akaipandisha juu bila ya kuuliza. Chuma kina nguvu kubwa, ni kweli, lakini nguvu hiyo ina mipaka, na mipaka yake yaweza kujulikana kwa hesabu ndogo kabla ya kitu chochote kupandishwa.

Na tuanze nyumbani. Kila mtu wa Ugogo aijua tembe. Ni nyumba fupi ya pembe nne, iliyouzunguka ua ambamo mifugo hulala. Kuta zake ni miti iliyokandikwa udongo, na paa lake ni tambarare: kwanza magogo, kisha fito, kisha udongo ulioshindiliwa. Wazee hawakuchagua umbo hilo bure. Nchi ya Dodoma i juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni chache, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la udongo huzuia jua la mchana, na usiku huhifadhi joto wakati upepo wa uwandani unapovuma. Lakini tembe ina adui wawili. Wa kwanza ni mchwa, ambaye huyala magogo kwa ndani, nje yakaonekana mazima. Wa pili ni maji ya mvua, ambayo huingia katika udongo wa paa na kuuongezea uzito.

Watu wa pwani nao walikuwa na shida yao. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zilijengwa kwa boriti za mikoko. Mkoko ni mti wenye nguvu, lakini hauwezi kuvuka nafasi pana na huku umebeba dari nzito ya mawe na chokaa. Kwa hiyo vyumba vya nyumba zile ni vyembamba, upana wake haupiti sana mita 3. Aliyetaka chumba kikubwa alikirefusha, hakuweza kukipanua. Twaona basi ya kwamba boriti ndiyo inayompimia mtu nyumba yake, awe ni mtu wa bara au wa pwani.

Chuma kingi cha ujenzi kilifika uwanda wa kati pamoja na reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati pale Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mahali pengi reli hiyo ililazwa juu ya mataruma ya chuma wala si ya mti, kwa maana mchwa hali chuma. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kufika Dodoma kwa reli mpya, iliyo pana zaidi, na mataruma ya hiyo ni ya zege.

Mtu akilitazama taruma la chuma la zamani ataona kwamba si kipande kinene. Ni bamba tu, lililokunjwa kingo zake zikaelekea chini, mfano wa mtumbwi uliofudikizwa. Akiitazama reli yenyewe, ataona kichwa kinene juu, mguu mpana chini, na kiuno chembamba katikati. Kwa nini waliotengeneza vitu hivi hawakuvifanya vipande vya mraba, vilivyojaa chuma pande zote? Jibu la swali hilo ndilo somo letu la leo.

Chukua kijiti kibichi, ukishike ncha zake mbili na kukipinda juu ya goti. Tazama vizuri. Upande wa ndani ya pindo, ganda linakunjamana, maana linakandamizwa. Upande wa nje ganda linavutwa, na ukizidi kupinda litapasuka. Katikati ya kijiti hakuna kinachokunjamana wala kinachopasuka, ni kama mahali pa kupumzika. Hivyo ndivyo ilivyo katika kila boriti. Uzito ukiwekwa juu yake, sehemu ya juu hukandamizwa, sehemu ya chini huvutwa, na sehemu ya kati hufanya kazi ndogo. Galileo wa Italia aliandika juu ya nguvu ya boriti katika kitabu alichotoa mwaka 1638. Alitambua kwamba kimo cha boriti chafaa kuliko upana wake, ila hakutambua mahali panapopumzika, na wataalamu waliokuja baada yake ndio waliosahihisha jambo hilo.

Basi, ikiwa kazi kubwa ni ya juu na ya chini, busara ni kukiweka chuma kingi juu na chini, na kukipunguza katikati. Ndiyo maana boriti ya chuma hutengenezwa kwa umbo la herufi I. Bamba la juu na bamba la chini tutayaita mabawa, na bamba jembamba linaloyaunganisha tutaliita kiuno. Mabawa yanabeba mkandamizo na mvuto. Kiuno huyaweka mbalimbali, na jinsi yanavyokaa mbali ndivyo boriti inavyozidi nguvu.

Wanafunzi mnaosoma hesabu, chukueni kalamu. Nguvu ya umbo la boriti hupimwa kwa namba moja, nasi tutaiita kipimo cha umbo. Kwa kipande cha mraba au cha mstatili, zidisha upana kwa kimo, kisha kwa kimo tena, ukagawanye kwa 6. Tuseme tuna bamba la chuma la sentimita 10 kwa 2. Tukililaza, kimo chake ni 2. Basi 10 mara 2 mara 2 ni 40, tukigawanya kwa 6 twapata karibu 7. Tukilisimamisha ubavu, kimo chake ni 10. Basi 2 mara 10 mara 10 ni 200, tukigawanya kwa 6 twapata 33. Bamba ni lile lile, uzito wake ni ule ule wa kilo 15.7 kwa mita, ila likisimama lina nguvu mara tano kuliko likilazwa. Na kwa upande wa kunepa, lililosimama ni gumu mara 25.

Sasa tulinganishe na boriti ndogo ya umbo la I yenye kimo cha sentimita 12, ambayo katika vitabu vya vipimo vya Ulaya huitwa IPE 120. Kila mita yake ni kilo 10.4 tu, na kipimo chake cha umbo ni 53. Yaani ni nyepesi kuliko lile bamba lililosimama, lakini ina nguvu zaidi yake kwa zaidi ya nusu. Mnunuzi analipia kilo, bali mzigo unabebwa na umbo. Anayefahamu jambo hili hatajivunia kipande kizito, atauliza kwanza umbo lake.

Mwenzetu mmoja aweza kutuuliza, "Je, mabwana, nikitaka kuirudisha tembe ya babu yangu, na badala ya magogo niweke boriti ndogo ya chuma, itafaa?" Swali hilo ni jema, na tulijibu kwa hesabu. Tuseme chumba kina upana wa mita 3, na boriti zimeachana mita 1. Udongo wa paa una kina cha sentimita 15. Udongo mkavu ulioshindiliwa tuuhesabu kuwa kilo 1,600 kwa kila mita ya ujazo. Basi kila mita ya boriti itabeba kilo 240. Uzito wa fito na wa boriti yenyewe tunauacha kwa sasa, kwa kuwa ni mdogo.

Kanuni ya boriti iliyolazwa juu ya kuta mbili, na mzigo wake umeenea sawasawa, ni hii: chukua uzito wa kila mita, zidisha kwa urefu, zidisha kwa urefu tena, gawanya kwa 8. Yetu ni 240 mara 3 mara 3, ni 2,160. Tukigawanya kwa 8 twapata 270. Tuizidishe kwa 100 ili tuhesabu kwa sentimita, ni 27,000. Sasa tugawanye kwa kipimo cha umbo. Boriti ya IPE 80, ambayo kimo chake ni sentimita 8 na kila mita yake ni kilo 6, ina kipimo cha 20. Basi 27,000 kwa 20 ni 1,350. Maana yake, kila sentimita ya mraba ya chuma kilicho ukingoni mwa mabawa inavutwa au kukandamizwa kwa nguvu ya kilo 1,350.

Je, hizo ni nyingi au ni chache? Chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kulegea, kisirudi tena katika hali yake, kikifikishwa kwenye kilo 2,400 hadi 2,800 kwa sentimita ya mraba. Lakini fundi mwenye hekima hafiki huko. Huweka akiba, na katika hesabu nyepesi kama hii tutasimama kwenye 1,500. Kwa hiyo boriti yetu imefaulu. Mwenye nyumba anafurahi, anajenga mwezi wa Agosti, analala salama.

Kisha mwezi wa Januari mvua inakuja. Udongo unakunywa maji, na uzito wake tuseme wafika kilo 2,000 kwa mita ya ujazo. Kila mita ya boriti sasa yabeba kilo 300. Tukirudia hesabu, 300 mara 3 mara 3, tukagawanya kwa 8, twapata karibu 338. Tukizidisha kwa 100 na kugawanya kwa 20, twapata karibu 1,690. Mpaka wetu umekwisha kupitwa. Boriti haitaanguka usiku ule, lakini akiba yake inaliwa, na katikati itanepa karibu milimita 19. Pale iliponepa, paa linafanya kibonde, na kibondeni maji yanatuama. Maji yaliyotuama ni uzito mpya, na uzito mpya waongeza kunepa. Hivyo ndivyo nyumba iliyokuwa salama wakati wa kiangazi inavyokuwa ya hatari wakati wa mvua, na hali hakuna mtu aliyeongeza chochote juu yake.

Dawa yake si ghali. Tuichukue boriti inayofuata, IPE 100, yenye kimo cha sentimita 10. Kila mita yake ni kilo 8.1, yaani imezidi ile ya kwanza kwa kilo 2 tu na kitu. Lakini kipimo chake cha umbo ni 34. Mzigo ule ule wa mvua sasa waleta karibu kilo 990 kwa sentimita ya mraba, na kunepa kunashuka mpaka milimita 9. Kwa sentimita 2 za kimo tumepata akiba ya kutosha. Funzo lake ni kwamba hesabu na ifanywe kwa siku iliyo mbaya kuliko zote, si kwa siku ya kujenga.

Jambo la pili ambalo hudanganya watu ni urefu. Tuseme zahanati ya kijiji ina tangi la maji la lita 1,000, limewekwa juu ya boriti mbili za IPE 80 zilizovuka nafasi ya mita 2. Maji ni kilo 1,000, na pamoja na tangi na mbao tuseme 1,200. Kila boriti yabeba 600, yaani 300 kwa mita. Hesabu yatupa kilo 750 kwa sentimita ya mraba, na kunepa kusikofika milimita 4. Ni salama kabisa. Mwaka wa pili wanaleta tangi jingine kama lile. Fundi anasema, "Tuweke boriti za mita 4, nguzo ya katikati haina kazi, itatuzibia njia." Uzito wa kila mita ni ule ule, 300. Chuma ni kile kile. Lakini urefu unazidishwa mara mbili katika kanuni, basi mzigo wa kupinda umekuwa mara nne, nayo ni kilo 3,000 kwa sentimita ya mraba. Chuma cha kawaida kimekwisha kulegea. Na kunepa hakuongezeki mara nne, huongezeka mara 16. Nguzo iliyosemwa haina kazi ndiyo iliyokuwa ikiwalinda watu waliosimama chini wakingoja kuteka maji.

Zaidi ya hesabu hizi, udogo wa boriti una hatari nyingine ambazo hatuna budi kuzitaja.

Kwanza, boriti ndogo ni nyembamba, na bawa lake la juu likikandamizwa hutaka kukimbia upande, boriti ikajipindua ubavu kabla ya nguvu yake kwisha. Kwa hiyo haifai kuiacha peke yake. Na ifungwe kwa vipande vya kuvuka, au ishikwe na mbao za paa kwa misumari ya parafujo, isiweze kucheza.

Pili, ncha za boriti husukuma ukuta mahali padogo sana. Tofali la udongo litasagika. Weka chini ya kila ncha bamba la chuma au kipande cha zege, ili uzito uenee. Tena Dodoma iko karibu na Bonde la Ufa, na nchi hutetemeka mara kwa mara. Boriti iliyolazwa tu bila ya kufungwa huweza kuteleza kutoka ukutani, basi na ifungwe kwa vyuma vilivyozama ndani ya zege.

Tatu ni kutu. Kiuno cha IPE 80 ni milimita 3.8 tu. Kutu ikila nusu milimita kila upande, zaidi ya robo ya kiuno imekwenda. Hewa ya Dodoma ni kavu, nayo husaidia, lakini boriti iliyozikwa ndani ya udongo unaolowa kila mwaka haina msaada huo. Wahenga walisema, bandu bandu humaliza gogo, na kutu nayo ndivyo ifanyavyo. Ipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kupandishwa, na itenganishwe na udongo.

Nne ni matundu. Fundi akitaka kupitisha bomba, asitoboe wala asikate bawa, kwa kuwa huko ndiko kuliko nguvu. Kama hapana budi, tundu liwe dogo, nalo liwe katikati ya kiuno, baada ya kumwuliza mtu ajuaye.

Tano ni vipande vya reli kuukuu. Reli ina umbo jema la boriti, na wengi huipenda kwa hiyo. Lakini chuma cha reli kimefanywa kigumu ili kisilike na magurudumu, na ugumu huo hukifanya kisikubali kuchomelewa ovyo. Mahali palipochomelewa hupata nyufa ambazo jicho halizioni, na siku moja hukatika ghafula bila ya kunepa kwanza. Tena reli na mataruma yaliyo njiani ni mali ya watu wote. Atakayeng'oa taruma ili alifanye kizingiti cha mlango ameweka rehani roho za abiria kwa ajili ya mlango mmoja.

Sita ni moto. Chuma hakiungui, lakini kikipata joto la digrii 550 hadi 600 hubakiwa na kama nusu ya nguvu yake tu. Boriti iliyo juu ya jiko la shule isiachwe wazi.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 1973 kwa azimio, na mwaka 2016 kwa vitendo, majengo yameongezeka sana katika mji na vijiji vilivyouzunguka. Na majengo yakiongezeka, ajali nazo huwa karibu kwa wasiojihadhari. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lenye maduka liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 wakafa. Nyumba ikianguka haimtafuti aliyeijenga, humwangukia aliye ndani.

Kwa hiyo twawaomba jambo moja. Hesabu tulizozifanya hapa ni za kufungua macho, si za kumfanya mtu kuwa mhandisi. Zitawasaidia kujua swali la kuuliza: boriti hii ina kimo gani, yavuka nafasi gani, yabeba uzito gani siku ya mvua kubwa, na nani aliyeihesabu? Kamati ya shule au ya zahanati inayojenga iulize maswali hayo manne kabla ya kutoa fedha. Kazi inayobeba roho za watu ipelekwe kwa mhandisi aliyeandikishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na wilayani huweza kuonyeshwa mahali pa kumpata. Fundi mwema hachukizwi na swali, bali hulishukuru.

Na kwa boriti zilizokwisha kupandishwa, piga uzi toka ncha hata ncha wakati wa kiangazi, upime jinsi ilivyonepa, uandike. Pima tena mvua zikiwa nyingi. Ikiwa kunepa kunazidi mwaka kwa mwaka, punguza udongo, ongeza nguzo, ita mtu ajuaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi twaongeza kwamba huenda ukajenga bila ya wale uliokuwa ukiwajengea.